Bohari ya Askari Ianzie Nyumbani Kwake

Wahenga walisema, adui mwombee njaa. Hawakusema mwombee gharika, wala mwombee tauni. Walichagua njaa, kwa kuwa walifahamu kwamba mwenye njaa hushindwa kabla ya pambano kuanza. Kila askari aliyepita katika chuo cha kijeshi amefundishwa jambo hilo hilo kwa maneno mengine: ukiikata njia ya ugavi wa adui, umekwisha kumpunguzia nguvu bila ya kufyatua risasi. Basi ni jambo la kustaajabisha kwamba sisi tunaojua thamani ya ugavi kuliko raia yeyote, mara nyingi tunaziacha nyumba zetu wenyewe bila ya mpango wowote wa chakula. Sajini anayeweza kukueleza bila ya kusita kwamba kikosi cha watu thelathini kinahitaji maji kiasi gani kwa siku, muulize watoto wake walikula nini jana, utamwona anababaika.

Ninasema na askari wa jeshi na wa polisi, wa kiume na wa kike, na hasa wale wa vyeo vya chini ambao mshahara wao hauna nafasi ya makosa. Ninalotaka kusema ni hili: chakula bora nyumbani si anasa ya wenye mishahara minono. Ni kazi ya ugavi. Na kazi ya ugavi hufanywa kwa hesabu, kwa nidhamu, na kwa mwenye nyumba mwenyewe kushika zamu jikoni.

SOKO LIMEJAA, SAHANI IMEPUNGUKIWA

Tutazame hapa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu. Si watu wengi waliojaliwa ardhi kama hii. Udongo wa volkano wa Bugoyi hutoa viazi mviringo, vitunguu, karoti, kabichi na maharage. Kutoka nyanda za Gishwati huja maziwa. Ziwa Kivu liko mlangoni petu na samaki wake. Anayetaka ushahidi na azunguke asubuhi katika soko la Mbugangari, au apande hadi Mahoko siku ya soko, aone magunia yanavyopakuliwa. Kwa miaka mingi akina mama wachuuzi wamevuka mpaka kwenye Petite Barrière na makapu ya mboga kichwani kwenda kuilisha Goma. Nchi inayolisha jirani yake haiwezi kuitwa nchi ya njaa.

Hata hivyo takwimu zatuambia jambo jingine. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Rwanda nzima watoto 44 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani walikuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Kufikia uchunguzi wa mwaka 2019 na 2020 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 33. Hayo ni maendeleo makubwa, na waliofanya kazi hiyo wanastahili sifa. Lakini katika Mkoa wetu wa Magharibi, mkoa huu wenye viazi, maziwa na samaki, idadi ilikuwa bado ni watoto wapatao 40 kati ya kila 100.

Kudumaa si ufupi wa kimo tu. Mtoto aliyekosa lishe tangu mimba hadi kutimiza miaka miwili, muda ambao wataalamu huuhesabu kuwa siku 1,000 za kwanza, huathirika pia ubongo. Hujifunza kwa taabu, huugua upesi, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hairudishwi tena kwa kulishwa vizuri baadaye. Sababu zake ni nyingi. Umaskini umo, maji machafu yamo, maradhi ya kuhara yamo. Lakini mahali ambapo soko limejaa, hatuna budi kukiri kwamba sababu moja iko mikononi mwetu: namna tunavyochagua chakula na namna tunavyokipika. Wala asidhani mtu kwamba mtoto wa askari amezaliwa na kinga. Magwanda ya baba hayamnenepeshi mtoto.

SHIBE SI LISHE

Kosa kubwa kupita yote ni kudhani kwamba aliyeshiba amelishwa. Majeshi ya dunia yamejifunza tofauti hiyo kwa gharama kubwa, na inafaa sisi tujifunze bila ya kulipa.

Mwishoni mwa mwaka 1882 manowari ya Kijapani iitwayo Ryujo iling'oa nanga kwa safari ndefu ya mafunzo kuelekea New Zealand, Amerika ya Kusini na Hawaii. Ilichukua watu 376. Chakula chao kikubwa kilikuwa wali mweupe, tena wa kutosha. Kabla ya safari kwisha, watu 169 walikuwa wameshikwa na ugonjwa wa beriberi, ambao huvimbisha miguu, huleta ganzi na hatimaye husimamisha moyo. Watu 25 walikufa. Hawakufa kwa risasi wala kwa dhoruba. Walikufa wakiwa wameshiba.

Daktari wa jeshi lile la majini, Takaki Kanehiro, alishuku chakula. Mwaka 1884 akaomba manowari nyingine, Tsukuba, ifuate njia ile ile, lakini mabaharia wake wapewe shayiri, nyama, maharage na vyakula vingine pamoja na wali. Waliougua hawakufika ishirini, na hakuna aliyekufa kwa beriberi. Takaki alidhani siri ilikuwa katika protini. Baadaye ilijulikana kwamba iliyokosekana ni vitamini B1, ambayo huondoka pamoja na ganda la mchele unapokobolewa ukawa mweupe. Hakuijua sababu yenyewe, lakini dawa yake ilikuwa sahihi: sahani yenye vyakula mbalimbali. Jeshi la nchi kavu la Japani halikumsikiliza, likaendelea na wali mweupe, na katika vita vyake na Urusi vya mwaka 1904 na 1905 askari wake zaidi ya 20,000 walikufa kwa ugonjwa huo huo.

Tuyaache ya Japani, turudi hapa kwetu. Ziko nyumba ambamo kwa wiki nzima sahani haina kitu ila viazi vya kuchemsha, au ugali na mchuzi mwepesi wa nyanya. Watoto hushiba. Matumbo yao hutokeza, nao hulala bila ya kulia, na mzazi husema, "Tumshukuru Mungu, wamekula." Kwa kweli wamepewa makaa ya kuwasha moto, lakini hawakupewa matofali ya kujengea nyumba. Viazi na ugali hutia nguvu. Protini hujenga mwili. Mboga na matunda huulinda. Kikikosekana kimoja, vingine haviwezi kukijazia nafasi.

SILAHA TULIZO NAZO

Habari njema ni kwamba wajenzi wa mwili walio bora hapa Rubavu si wale wa bei ghali.

Tuanze na sambaza. Samaki hawa wadogo, ndugu wa dagaa wa Kigoma, hawakuwamo katika Ziwa Kivu tangu asili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo ndio uti wa mgongo wa uvuvi wa ziwa letu. Usiku wa giza wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakawasha taa, na samaki wakaifuata nuru hadi wavuni. Uzuri wa sambaza ni kwamba huliwa mzima, na mifupa yake. Kwa hiyo pamoja na protini mlaji hupata chokaa ya mifupa na meno, tena hupata madini ya chuma na vitamini. Sambaza waliokaushwa, kwa kuwa maji yametoka, wana protini nyingi kuliko nyama mbichi ya uzito ule ule. Waweza kuwakaanga kidogo na kitunguu na nyanya, ukawamiminia juu ya ugali. Kwa mtoto mdogo, wasafishe, wakaushe vema, wasage, wachekeche, kisha mtilie kijiko kimoja cha unga huo katika uji. Kijiko hicho kimoja chafaa kuliko biskuti za dukani za siku nzima. Na kwa vile uvuvi wa Kivu husimamishwa kwa kipindi fulani kila mwaka ili samaki wazaane, mwenye busara hununua wakavu wakati wa wingi akaweka.

Wa pili ni maharage, ambayo Mnyarwanda hahitaji kufundishwa kuyapenda. Nusu kilo ya maharage makavu ina protini inayokaribia ile ya nusu kilo ya nyama. Muulize mchuuzi bei ya kila kimoja, kisha ufanye hesabu mwenyewe. Protini ya maharage peke yake ina upungufu kidogo, na ya mahindi peke yake ina upungufu pia, lakini kila kimoja kina kile ambacho mwenziwe hana. Ndiyo maana impungure yetu, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, ambayo Mtanzania huiita kande na Mkenya huiita githeri, si chakula cha kudharau. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini chungu chao kilikuwa sahihi.

Tena tangu mwaka 2010 wakulima wa Rwanda wamepewa mbegu za maharage yenye madini mengi zaidi ya chuma. Huko Huye wanawake vijana wa chuo kikuu waliokuwa na upungufu wa chuma walilishwa maharage hayo kwa muda upatao miezi minne. Akiba ya chuma mwilini mwao iliongezeka, na wataalamu waliona pia kwamba kumbukumbu na usikivu wao viliboreka. Askari anayeshika lindo usiku na ayatie akilini maneno hayo. Mara nyingine uchovu na usingizi wa lindoni si uvivu. Ni upungufu wa damu.

Wa tatu ni mboga za majani: dodo, ambalo ni mchicha, isogi, majani ya maboga na isombe. Hizo ni rahisi sokoni, na nyingine huota zenyewe. Zina sharti zake. Dodo lioshwe kabla ya kukatwa, lisipikwe hadi likafifia, na litiwe mafuta kidogo, maana vitamini A iliyomo haifyonzwi vema pasipo mafuta. Isombe, yaani kisamvu, ni kinyume chake. Ni lazima yatwangwe na yachemke kwa muda mrefu, kwani majani mabichi ya muhogo yana sumu. Yakiwa tayari, tia karanga zilizosagwa na sambaza wachache, nawe umepata chakula cha wafalme kwa fedha ya kuruta.

Na viazi vyetu? Viendelee kuliwa, ila visiwe peke yake. Vichemshwe na maganda ili visipoteze kilicho bora majini, na kile kilichogeuka kijani kitupwe, maana kina sumu. Kumbuka pia jambo dogo ambalo halina gharama yoyote: chai au kahawa inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili kupata chuma cha maharage na mboga. Inywewe saa moja au mbili baadaye. Mahali pake mezani pachukuliwe na nyanya mbichi, ndimu au chungwa, ambavyo huusaidia mwili kuipokea chuma hiyo.

HESABU YA OFISA UGAVI

Sasa tuseme habari za fedha, maana hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Hakuna ofisa ugavi anayekwenda sokoni kila jioni na noti mfukoni akitazama macho yatavutwa na nini. Huhesabu watu, huhesabu siku, hununua kwa jumla, huweka boharini na huandika kinachotoka. Askari anayenunua kikombe kimoja cha maharage kila siku dukani kwa jirani hulipa zaidi kuliko anayenunua gunia wakati wa mavuno, na hukosa kabisa mshahara unapokaribia kwisha.

Tuchukue kielelezo cha familia ya watu sita, wazazi wawili na watoto wanne. Kwa siku moja: unga wa mahindi kilo 1, viazi kilo 3, maharage makavu robo tatu ya kilo, sambaza wakavu gramu 100, unga wa uji wa mtama na soya gramu 300, mafuta sehemu ya kumi ya lita, na mafungu mawili ya mboga. Kwa siku 30 hiyo ni unga kilo 30, viazi kilo 90, maharage kilo 22 na nusu, sambaza kilo 3, unga wa uji kilo 9 na mafuta lita 3. Mboga zatoka bustanini au hununuliwa mbichi. Orodha hiyo huipa familia zaidi ya gramu 300 za protini kila siku, na nguvu ya kutosha kazi na shule. Nyama haimo. Ikipatikana mara moja kwa wiki, au mayai kwa watoto na maziwa kwa mama mjamzito, ni heri kubwa. Lakini msingi umesimama bila ya nyama.

Hesabu hiyo ibandike ukutani, kila mmoja aizidishe au aipunguze kwa idadi ya watu wake na bei za soko lake. Siku ya mshahara bohari ijazwe kwanza, kabla ya deni la baa na kabla ya simu mpya. Sisi askari tunayo taasisi yetu ya akiba na mikopo, na jina lake, Zigama, kwa Kinyarwanda ni amri: weka akiba. Amri ikishatolewa hutekelezwa. Na jiko la udongo linalobana kuni na makaa huitwa rondereza, nalo jina lake ni amri vile vile: tumia kwa uangalifu. Anayeshika amri hizo mbili amekwisha kushinda nusu ya vita.

Makaa nayo ni sehemu ya bei ya chakula, ingawa wengi huyasahau. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi kuliko yaliyotiwa makavu jikoni. Sufuria yenye kifuniko hula makaa machache kuliko iliyo wazi. Maharage yakisha kuchemka kwa nguvu kwa muda, waweza kuyaepua na kuiweka sufuria, ingali imefunikwa, ndani ya kapu lililojazwa vitambaa au majani makavu ya migomba, nayo yataendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Ukipika maharage ya siku mbili kwa moto mmoja, umeokoa moto wa siku ya pili. Hii si elimu ya vitabuni. Ni akili ya mtu anayejua kwamba kila kipande cha kaa kina bei.

Wapo watakaouliza, na mishikaki je? Sikatazi burudani. Askari ni binadamu, na mwisho wa wiki ana haki ya kukaa na wenzake. Lakini kila mmoja na achukue kalamu, aandike aliyotumia kwa bia na brosheti katika wiki nne, kisha ayalinganishe na bei ya kilo 3 za sambaza wakavu. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu. Mwanamume anayekula nyama baani huku wanawe wakila viazi vitupu nyumbani hana tofauti na kamanda anayekula mgao wa askari wake. Na jeshini, kamanda wa namna hiyo tunajua tunamwitaje.

MPISHI WA KAMBI NA MWENYE NYUMBA

Liko jambo la ajabu katika maisha yetu. Kambini chakula hupikwa na askari, na mara nyingi askari huyo ni mwanamume. Hukoroga sufuria kubwa kama pipa, hupima chumvi, huhimiza moto, na hakuna amchekaye. Tunamheshimu, kwa kuwa twajua siku asipoamka hatuna gwaride. Mtu huyo huyo akifika nyumbani hugeuka mgeni. Huketi sebuleni akingoja sahani, na jirani akimkuta akimenya viazi husema amekaliwa na mke.

Mawazo ya namna hiyo hayana nafasi katika jeshi wala katika polisi. Wako dada zetu wengi wanaovaa sare. Wanarudi kutoka doria wakiwa wamechoka kama kaka zao, nao hukuta moto haujawashwa. Wako pia wake wanaolima, wanaochuuza, wanaolea watoto wadogo, na wakati huo huo wakitakiwa kupika maharage ya saa tatu. Kazi ikigawanywa, maharage hupikwa. Isipogawanywa, mama aliyechoka hupika kile kiivacho upesi, na kiivacho upesi mara nyingi ni viazi vitupu. Hivyo ukaidi wa baba hufika moja kwa moja katika sahani ya mtoto.

Tena wengi wetu hutumwa mbali. Askari wa Rwanda wamepata kutumikia Jamhuri ya Afrika ya Kati, Msumbiji na kwingineko, na polisi vile vile. Baba au mama aendaye kazini kwa miezi mingi asiache fedha tu. Aache na mpango: nini kinunuliwe, lini, kwa kiasi gani, na nani amsaidie aliyebaki. Hakuna ofisa anayeondoka bila ya kukabidhi kazi. Nyumba nayo ina haki ya makabidhiano.

BUSTANI YA MWANANCHI NA YA KWETU

Raia wa Rwanda wamezoea kuwaona askari wakija vijijini katika shughuli za kuwahudumia wananchi, wakijenga nyumba za wasiojiweza, wakitibu wagonjwa, na kutengeneza bustani ndogo za mboga ambazo Kinyarwanda huziita akarima k'igikoni, yaani kishamba cha jikoni. Hiyo ni kazi ya fahari. Lakini kila mmoja wetu na ajiulize: hapo ninapolala mimi, kishamba hicho kipo?

Najua majibu yatakayotolewa. Mmoja atasema amepanga chumba kimoja Gisenyi mjini, hana hata pa kupanda mgomba. Mwingine atasema, nikipanda leo, kesho nahamishwa. Majibu hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Mchicha huwa tayari kuchumwa katika muda wa mwezi mmoja hivi, na hakuna uhamisho unaokuja kila mwezi. Gunia kuukuu likijazwa udongo na samadi, likatobolewa ubavuni, hubeba mashina mengi ya mboga mahali pasipozidi upana wa stuli. Maji yaliyooshea mboga hunyweshea bustani. Na ukihamishwa kabla ya kuvuna, anayekuja baada yako atavuna, nawe utakuta aliyekutangulia huko uendako amekupandia. Huo ndio ujamaa wa askari.

Wala mzigo huu usibebwe na askari wa chini peke yake. Makamanda nao wana sehemu yao. Penye ardhi ya kutosha kuzunguka makazi ya askari, ingefaa kila familia ipimiwe kipande. Ingefaa mafunzo ya kuruta yawe na masaa machache ya lishe na mapishi, kama yalivyo na masaa ya huduma ya kwanza, maana yote mawili huokoa maisha. Na ingefaa familia za kikosi kimoja zinunue maharage na unga kwa pamoja wakati wa mavuno, zigawane kwa mizani. Jambo hilo halihitaji amri kutoka juu. Lahitaji watu kumi wanaoaminiana, daftari moja na gari la kukodi.

AKIBA HAIOZI

Mwisho, sisi wa Gisenyi tunaishi mahali panapotufundisha kila mara kwamba kesho haina mkataba. Machi 2020 maradhi ya korona yalifunga mipaka, na biashara ya kuvuka Goma ikasimama. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Kwa siku kadhaa ardhi ikatetemeka chini ya mji wetu, nyumba zikapasuka, na maelfu ya watu wakavuka kutoka Goma kutafuta hifadhi. Januari 2025 vita viliingia Goma kwenyewe, na milio yake ikasikika hadi vitongoji vyetu. Katika kila tukio la namna hiyo askari huitwa kazini kwanza, naye huondoka bila ya kujua atarudi lini. Aliyeacha maharage ya wiki tatu boharini huondoka moyo ukiwa mtulivu. Aliyeacha noti mbili chini ya mto huondoka na mwili tu, na fikira zake hubaki nyumbani. Na askari ambaye fikira zake ziko kwingine ni hatari kwake mwenyewe na kwa wenzake.

Kwa hiyo chakula cha nyumbani si jambo la akina mama tu, wala si jambo la faragha lisilowahusu wakubwa. Ni sehemu ya utayari wa kikosi. Usafi wa bunduki hukaguliwa, viatu hukaguliwa, nywele hukaguliwa. Sahani ya mtoto haikaguliwi na mtu yeyote ila wewe.

Ndugu askari, mshahara ujao hauko mbali. Keti na mwenzako, mwandike idadi ya watu na idadi ya siku, mpige hesabu, kisha mwende sokoni pamoja. Na usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, loweka maharage.